Kunguruma au Kunyamaza: Hatari na Faida za Ngurumo kwa Simba Dume Vijana Wasio na Himaya

Utangulizi

Wahenga wametuachia methali mbili kuhusu simba ambazo, kwa mtazamo wa haraka, zinapingana. Ya kwanza yasema: Angurumapo simba, mcheza nani? Ya pili yasema: Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Katika methali ya kwanza, nguvu ya simba imo katika sauti yake; katika ya pili, nguvu hiyo hiyo imo katika ukimya wake. Utafiti uliofanywa kwa miongo mingi katika nyanda za Serengeti na katika kreta ya Ngorongoro unaonyesha kwamba methali zote mbili ni za kweli, ila zinawahusu simba walio katika hali tofauti za maisha. Simba dume mwenye himaya hunguruma usiku baada ya usiku. Simba dume kijana ambaye bado anatangatanga, asiye na kundi la majike wala ardhi ya kuilinda, kwa kawaida hunyamaza, ingawa koo na mapafu yake yana uwezo kamili wa kutoa ngurumo.

Makala haya yanaeleza kwa nini kijana huyo hunyamaza, angepata nini kama angenguruma, na ni lini huamua kupaza sauti. Jambo hili si la wapenzi wa wanyamapori peke yao. Mtu anayeishi karibu na hifadhi hushawishika kuupima usalama wa usiku kwa masikio: akisikia ngurumo hujifungia ndani, asiposikia kitu hutoka kwenda chooni, kisimani au shambani. Kama tutakavyoona, kipimo hicho kina kasoro inayoweza kugharimu maisha.

Ngurumo hutokeaje?

Kama ilivyo kwa binadamu, sauti ya simba huanzia kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho juu ya bomba la hewa. Ndani yake mna nyuzi mbili za sauti. Hewa inaposukumwa kutoka mapafuni hupita katikati ya nyuzi hizo na kuzitikisa, na mtikisiko huo ndio chanzo cha sauti. Tofauti kati yetu na simba ipo katika ukubwa, umbo na mahali pa viungo hivyo.

Nyuzi za sauti za simba ni nene na zina mafuta ndani yake. Watafiti wa Marekani waliochunguza nyuzi za simba na za chui milia, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, walibaini kuwa mafuta hayo huufanya ukingo wa kila uzi uwe bapa badala ya kuchongoka kama ilivyo kwa wanyama wengi. Kingo bapa huitikia mkondo wa hewa kwa wepesi, hivyo msukumo usio mkubwa sana kutoka mapafuni hutosha kutoa sauti kubwa. Umbo hilo pia huziwezesha nyuzi kustahimili mivutano na migongano mikali. Aidha, zoloto ya simba imekaa chini shingoni, na mfupa mdogo wa haiodi unaoishikilia umeunganishwa na fuvu kwa kano inayonyumbuka. Mpangilio huo huirefusha njia ya sauti, na sauti ipitayo katika njia ndefu hutoka ikiwa nzito.

Ngurumo kamili si sauti moja, bali ni mfululizo. Huanza kwa milio michache ya chini, mithili ya mtu anayegumia. Hupanda hadi ngurumo zenye nguvu zote. Kisha humalizika kwa msururu wa miguno mifupi inayofifia. Ukubwa wake, ukipimwa umbali wa mita 1, huweza kufikia desibeli 114, na katika usiku tulivu husikika umbali wa kilomita 8. Usiku nao una msaada wake. Upepo hupungua, na hewa baridi hutanda karibu na ardhi chini ya hewa yenye joto zaidi; sauti hupinda na kurudi chini badala ya kupotelea angani.

Nyuzi za sauti za binadamu hazikuumbwa kwa mzigo wa namna hiyo. Mwalimu, mhubiri au mchuuzi anayepaza sauti kutwa nzima huweza kupata uvimbe au vinundu kwenye nyuzi zake. Sauti inayokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 inahitaji kuchunguzwa na daktari, hata kama mgonjwa hasikii maumivu.

Turejee kwa simba. Dume aliyefikisha umri wa miaka 3 anavyo viungo vyote tulivyovitaja. Ukimya wake hautokani na upungufu wa koo. Sababu yake imo katika maisha anayoishi na katika masikio ya wale watakaomsikia.

Kijana asiye na himaya

Kundi la simba hujengwa na majike wenye undugu: mama, mabinti, dada na shangazi. Majike hawa huishi katika ardhi yao kwa miaka mingi na hulea watoto kwa pamoja. Madume walio katika kundi ni wageni waliotoka kwingine. Wao hulinda kundi dhidi ya madume wengine na ndio baba za watoto wanaozaliwa humo kwa muda wote wanaodumu. Muda huo si mrefu. Kwa wastani ni miaka 2 hadi 3, kisha madume wenye nguvu zaidi huja na kuwaondoa.

Mtoto wa kiume hulazimika kuondoka alikozaliwa akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 4. Mara nyingi husukumwa na madume wapya walioliteka kundi. Huondoka pamoja na ndugu zake na binamu zake wa rika lake, nao huanza maisha ya kutangatanga. Aliye peke yake huweza kuungana na kijana mwingine asiye wa damu yake. Katika Serengeti, miungano ya madume wawili au watatu huweza kuwa na wasio ndugu, lakini miungano ya madume 4 au zaidi huwa ni ya ndugu waliokulia kundi moja.

Maisha ya utangaji ni magumu. Karibu kila eneo lenye maji na mawindo ya kutosha lina wenyewe. Kijana hulala pembezoni, huvuka ardhi za wengine usiku, huwinda kwa tahadhari na hula mizoga anapoipata. Mwili wake bado unakua na manyoya ya shingoni bado ni mafupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa manyoya meusi na mengi ni ishara ya dume aliyeshiba na mwenye kiwango kikubwa cha homoni ya testosteroni. Majike huyapenda, na madume wengine huyahofia. Kijana hana bado ishara hiyo. Anachohitaji ni muda: mwaka mmoja au miwili zaidi ya kula, kukua na kuimarisha muungano wake. Akiuawa kabla ya hapo, hataacha mtoto hata mmoja. Kila uamuzi wake, ukiwemo ule wa kunguruma, unapaswa kueleweka kwa kuzingatia jambo hilo.

Faida ambazo ngurumo ingempa

Isidhaniwe kwamba ngurumo haina manufaa kwa kijana huyu. Zipo faida tatu zilizo wazi.

Ya kwanza ni kuitana na wenzake. Vijana wa muungano mmoja hutengana wakati wa kuwinda au wanapokurupushwa, na umbali kati yao huweza kuwa wa kilomita kadhaa. Sauti ifikayo kilomita 8 ingewakutanisha kabla ya mapambazuko. Kwa simba mtangaji, mwenzake ndiye mali yake kubwa kuliko zote. Madume walio katika miungano mikubwa hupata makundi kwa urahisi zaidi, huyashikilia kwa muda mrefu zaidi, na huzaa watoto wengi zaidi kuliko dume aliye peke yake.

Ya pili ni kujitangaza kwa majike. Jike aliye tayari kupandwa, na hasa aliye mbali na madume wa kundi lake, angeweza kuisikia sauti hiyo na kuisogelea.

Ya tatu ni kujitangaza kwa wapinzani. Simba wanaonguruma kwa pamoja huonyesha idadi yao. Adui dhaifu huweza kuondoka bila vita, na ardhi ikapatikana pasipo mtu kujeruhiwa. Katika ulimwengu ambamo jeraha dogo la mguu humzuia mnyama kuwinda, ushindi usio na mapigano ni faida kubwa.

Hatari zinazoambatana nayo

Tatizo ni kwamba ngurumo haichagui msikilizaji. Sauti iliyokusudiwa kwa ndugu humfikia adui kwa wakati ule ule, nayo humweleza mambo matatu: nipo, nipo hapa, na sisi ni wangapi.

Hatari ya kwanza na kubwa zaidi ni madume wenye himaya. Katika miaka ya 1990, Jon Grinnell, Craig Packer na Anne Pusey walifanya majaribio katika Serengeti na Ngorongoro kwa kutumia vipaza sauti. Walicheza ngurumo zilizorekodiwa za madume wageni, kisha wakatazama wenyeji watafanya nini. Wenyeji hawakungoja. Waliinuka na kuelekea moja kwa moja mahali sauti ilikotoka, mara nyingine hata pale idadi ya sauti ilipozidi idadi yao, na hata pale wenzao hawakuwa karibu kuwasaidia. Kwa mwenyeji, ngurumo ya mgeni ndani ya ardhi yake ni tangazo la vita. Kijana wa miaka 3 anayenguruma hapo huwa amewaita kwa sauti yake mwenyewe madume waliomzidi uzito na uzoefu, na mapigano ya simba dume mara nyingi huishia katika kifo au kilema.

Hatari ya pili ni majike wenyewe. Madume wapya wanapoteka kundi, huua watoto wadogo waliozaliwa na madume waliotangulia. Jike aliyepoteza watoto huwa tayari kupandwa tena baada ya muda mfupi, ilhali anayenyonyesha angewachukua wageni mwaka mmoja na nusu au zaidi kumsubiri. Mauaji hayo husababisha takriban robo ya vifo vya watoto wa simba katika Serengeti. Kwa sababu hiyo majike hawana budi kujua nani anayenguruma. Majaribio ya Karen McComb na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1993, yalionyesha kuwa majike wenye watoto hawakushtushwa na ngurumo za madume wa kundi lao, lakini waliposikia za madume wageni walipatwa na wasiwasi na mara nyingi waliwaondoa watoto upesi. Jaribio jingine la mwaka 1994 lilionyesha kuwa majike hutambua hata idadi ya wanaonguruma: husita kuwakabili wavamizi watatu pale ambapo wangemkabili mmoja, na husonga mbele kwa ujasiri wanapokuwa wengi. Hivyo ngurumo ya kijana haimvutii mama. Humkimbiza, au humfanya akusanye dada zake kwa ajili ya mapambano.

Hatari ya tatu ni njaa. Mnyama awindwaye akishajua simba alipo, huhama au huongeza tahadhari. Mwenye kundi hupata msaada wa majike katika kuwinda. Mtangaji anajitegemea pamoja na wenzake wachache, na kuvizia ndiyo silaha yake kuu.

Hatari ya nne ni binadamu. Dume anayetangatanga hufika mara kwa mara mahali penye mifugo na wafugaji. Akinguruma karibu na boma, wachungaji na mbwa wao watajua alipo.

Hesabu ya kijana na ukweli wa ishara

Tukizipima faida na hatari, tunaona kwamba uzito wake hautegemei ngurumo yenyewe bali hali ya anayenguruma. Sauti ni ile ile. Kinachobadilika ni uwezo wa mwenye sauti kulipa gharama yake. Dume mwenye himaya na wenzake wawili akifuatwa na adui ana nguvu ya kumkabili, na ana kitu cha kulinda. Kijana mtangaji akifuatwa hana la kupoteza isipokuwa uhai wake, na hana la kushinda kwa kuwa ardhi aliyosimama si yake.

Grinnell na McComb waliufuatilia mwenendo huu na kuchapisha matokeo yao mwaka 2001. Waligundua kuwa madume hunguruma wakiwa ni wenyeji wa kundi, na kwamba watangaji hunyamaza hata pale ambapo kuitana kungewafaa. Kwao, kilichokuwa kikiamua si hamu ya kuwasiliana bali ni nani mwingine anayeweza kusikiliza.

Mhudumu wa afya hatashangazwa na jambo hili. Katika tiba tunajua kuwa dalili yenye thamani ni ile isiyoweza kuigizwa kwa urahisi. Mgonjwa anaweza kusema ana homa. Kipimajoto hakisemi isipokuwa kilichopo. Ngurumo ni ishara ya kuaminika kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Mwongo anayenguruma bila nguvu ya kuitetea kauli yake huadhibiwa haraka, na kwa hiyo wengi wa wanaosikika ni wenyewe kweli. Hatari inayomnyamazisha kijana ndiyo inayoipa ngurumo ya mwenyeji uzito wake.

Lakini kunyamaza si kukaa bure. Kijana anayenyamaza husikiliza. Kila usiku wenyeji wanaponguruma humpa, pasipo kukusudia, habari anazozihitaji: mipaka yao iko wapi, wapo wangapi, na sauti ipi haijasikika siku nyingi. Miongoni mwao wenyewe, vijana hutumia milio ya chini isiyofika mbali, husuguana vichwa na kufuata harufu. Mawasiliano hayo yanatosha kwa walio karibu na hayafiki kwa adui.

Siku ukimya unapokwisha

Muungano ulioiva, ambao kwa kawaida wanachama wake wana umri wa miaka 4 au 5, hufika siku ukawakabili wenyeji waliozeeka, waliojeruhiwa au waliopungua. Wakishinda, mambo hubadilika. Madume waliokuwa wakipita kimya kwa miaka miwili huanza kunguruma. Koo zao ni zile zile na maadui hawajakwisha. Kilichobadilika ni gharama ya kunyamaza. Asiyetangaza mipaka yake atavamiwa na yeyote anayedhani ardhi ni tupu, na kila uvamizi ni vita ambayo ngurumo ingeweza kuizuia. Zaidi ya hayo, sasa kuna watoto wa kulindwa, na mwenzake aliye mbali anapaswa kuitwa haraka.

Siku atakapopinduliwa, dume huyo atarudia utangaji, na ngurumo zake zitakoma. Hivyo ngurumo si tabia ya simba dume kwa jumla, kama vitabu vya watoto vinavyotufundisha. Ni tabia ya simba dume mwenye mahali pake.

Maana yake kwa binadamu

Hapa ndipo elimu hii inapotugusa. Anayesikia ngurumo usiku amepata habari ya kweli: yupo simba, na huenda ndiye mwenyeji wa eneo hilo. Asiyesikia ngurumo hajapata habari yoyote. Vijana wanaotafuta mahali pa kukaa ni miongoni mwa simba wanaovuka mipaka ya hifadhi, kwa kuwa ndani tayari pana wenyewe, nao ndio wasionguruma. Isitoshe, simba yeyote anayewinda, awe dume au jike, kijana au mzee, hunyamaza. Simba wa hatari zaidi kwa mtu aliye njiani usiku ni yule asiyesikika.

Uzito wa jambo hili unajulikana nchini Tanzania. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 563 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, na wengine wasiopungua 308 waliojeruhiwa. Mikoa ya kusini mashariki, hasa Lindi na Mtwara, pamoja na bonde la Rufiji, iliathirika sana. Wengi walishambuliwa wakati wa mavuno, walipolala mashambani katika madungu ili kuwafukuza nguruwe pori. Nguruwe huvutwa na mazao, simba huvutwa na nguruwe, na mkulima hujikuta katikati.

Katika Rufiji, kati ya mwaka 2002 na 2004, watu wapatao 35 waliuawa na simba aliyekuwa kijana wa takriban miaka 3 na nusu. Alipouawa, alikutwa na jipu chini ya gego lililovunjika. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba jino ndilo lililomfanya ale watu, wala kwamba kila simba mla watu ni kijana mtangaji. Majike na makundi mazima pia yamehusika katika mikoa hiyo. Lakini umri wake unatukumbusha kuwa simba asiye na manyoya ya kutisha wala sauti ya kutisha aweza kuwa tishio kwa vijiji vingi.

Uchunguzi mwingine wa mamia ya mashambulizi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa hatari huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, hasa saa za mwanzo za usiku kabla mwezi haujachomoza. Katika usiku wa mbalamwezi simba hupata chakula kwa shida; giza linaporudi, njaa na giza hukutana. Kalenda ya mwezi ni kinga isiyogharimu chochote.

Kwa kuzingatia hayo, wananchi waishio karibu na simba wanashauriwa yafuatayo:

1. Wasiuchukulie ukimya wa usiku kuwa ni ishara ya usalama.
2. Wasitembee peke yao baada ya jua kuzama; waende kwa kundi na wawe na taa yenye mwanga mkali.
3. Choo kijengwe karibu na nyumba, na njia yake iwe safi, bila vichaka pembeni.
4. Dungu liwe na kuta imara na liinuliwe juu ya ardhi. Watoto wasilale humo.
5. Mifugo ilazwe katika zizi imara lililozungukwa kabisa.
6. Wakiona nyayo au mzoga, watoe taarifa mapema kwa askari wa wanyamapori badala ya kumfuata simba wenyewe.

Huduma kwa aliyeshambuliwa

Mhudumu wa zahanati ndiye mara nyingi humpokea majeruhi kwanza. Hatua ya awali ni kuzuia damu kwa kugandamiza jeraha kwa kitambaa safi, na kuhakikisha njia ya hewa iko wazi. Simba hulenga shingo na kichwa. Kwa hiyo jeraha lolote la shingo lichukuliwe kuwa huenda limegusa uti wa mgongo, mishipa mikubwa au zoloto yenyewe. Mgonjwa anayekoroma kwa shida, ambaye sauti yake imebadilika ghafla, au ambaye ngozi ya shingo yake imevimba na kuonyesha hewa chini yake inapobonyezwa, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Tundu dogo la jino lisimdanganye mhudumu. Jino la simba huingia ndani sana, na juu ya ngozi hubaki alama ndogo tu. Jeraha lisafishwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Matundu ya meno kwa kawaida yasishonwe siku ile ile, kwani kuyafunga ni kuvifungia vijidudu ndani. Mdomo wa paka wakubwa, kama ulivyo wa paka wa nyumbani, hubeba bakteria aina ya Pasteurella wanaoweza kuleta maambukizi makali ndani ya saa 24. Antibayotiki, hasa amoksilini pamoja na asidi ya klavulaniki kwa asiye na mzio, ianzishwe mapema. Chanjo ya pepopunda itolewe kulingana na historia ya mgonjwa, na kinga dhidi ya kichaa cha mbwa izingatiwe, kwa kuwa mnyamapori yeyote wa jamii ya mamalia anaweza kuubeba ugonjwa huo.

Jeraha la moyo lisisahauliwe. Aliyenusurika, na familia iliyopoteza mtu, huweza kukosa usingizi, kuogopa giza na kushindwa kurudi shambani kwa miezi mingi. Kumsikiliza, kumfuatilia na kumpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili inapohitajika ni sehemu ya tiba.

Hitimisho

Ngurumo ni kauli ya umiliki. Humfaa mwenye nguvu za kuitetea, na humwangamiza anayeitoa kabla ya wakati. Simba dume kijana hunyamaza si kwa woga mtupu, bali kwa sababu uhai wake na uzao wake wote unategemea kutosikika mpaka atakapokuwa na wenzake wa kutosha, mwili uliokomaa na ardhi ya kuiita yake. Wahenga hawakukosea katika methali zao mbili. Ya kwanza inamhusu mwenye himaya; ya pili inamhusu anayeitafuta. Sisi tunaoishi jirani na wote wawili tujifunze kuichukua ngurumo kuwa ni onyo, na tusiuchukue ukimya kuwa ni ruhusa.